Baiskeli ya kulala ilivyofungiwa nje ya mashindano

WAPENZI wa baiskeli zisizo za kawaida hawajasahau kisa cha Mfaransa Francis Faure. Mnamo Julai 1933 jijini Paris, akiendesha baiskeli iliyoundwa na Charles Mochet, karibu amelala chali na miguu imetangulia, alikata kilomita 45.055 kwa saa moja. Rekodi ya awali, kilomita 44.247, ilikuwa imedumu tangu 1914.

Siri ilikuwa upepo: mwili uliolala haukabiliani nao kama ule ulioketi wima.

Hata hivyo, mwaka 1934 chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kilikataa kuitambua. Mashabiki wake wangali wanalalamika kuwa fundi aliadhibiwa kwa ubunifu wake. Wapinzani hudai kwamba baiskeli hiyo hulemea mlimani. Huenda, lakini uwanja wa Paris haukuwa na mlima.