Albamu Kubwa Juu ya Lori: Kuonyesha Historia ya Kikundi Siku ya Mashujaa

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuwa wakizungumzia pesa peke yake. Historia ya kikundi nayo ni mali. Isipoandikwa na kuonyeshwa, wazee wakiondoka inaondoka nao, na vijana wanabaki wakifikiri kwamba tangi la maji lilijengwa na serikali, au kwamba shule ilikuwako tangu zamani.

Kila mwaka tarehe 20 Oktoba nchi yetu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Kabla ya Katiba ya mwaka 2010 siku hii iliitwa Siku ya Kenyatta, na inakumbusha tarehe 20 Oktoba 1952, hali ya hatari ilipotangazwa na viongozi wa kupigania uhuru wakakamatwa. Mahali pengi vikundi hupita mbele ya watu kwa nyimbo, na vingine hupamba lori, trela ya trekta au mkokoteni. Mara nyingi mapambo huwa ni matawi, maputo na bango moja lenye jina la kikundi. Gari linapita, watu wanapiga makofi, na hakuna aliyejua kikundi hicho kimefanya nini.

Katika makala hii tunaeleza njia nyingine: kuligeuza gari liwe albamu kubwa ya kumbukumbu. Yaani kurasa kubwa zenye picha, maandishi na vitu vya zamani vilivyobandikwa, kama zile albamu za nyumbani, lakini kila kitu kimekuzwa mpaka mtu aliye upande wa pili wa barabara akione.

KETINI NA WAZEE KWANZA

Kazi haianzi kwa rangi na makasi. Inaanza kwa mkutano. Iteni wazee, wanachama wa kwanza na yule karani wa zamani ambaye bado ana daftari la mikutano ndani ya sanduku. Kila mtu alete alicho nacho: picha, risiti ya kwanza, kadi ya michango, cheti cha kuandikishwa, leso iliyoshonwa siku ya ufunguzi.

Halafu ulizeni maswali matatu. Tulianzaje? Ni jambo gani lilikuwa gumu kuliko yote? Ni nini kimebadilika kwa sababu yetu? Majibu matatu ndiyo kurasa tatu za gari: upande mmoja, upande wa pili, na nyuma. Mbele pabaki wazi ili dereva aone.

Tarehe na majina yahakikishwe na watu wawili au kwa daftari. Kosa dogo ndani ya daftari linaonwa na karani peke yake. Kosa lililopakwa rangi kwa herufi kubwa linaonwa na tarafa nzima, na kesho yake ndilo linageuka kuwa historia.

NI NANI HAYUMO KATIKA PICHA?

Hapa ndipo penye jambo zito. Tazameni picha zenu za zamani kwa makini. Mara nyingi mtamwona mgeni rasmi akikata utepe, mwenyekiti akiwa kando yake, na kamati imepanga mstari. Akina mama waliobeba mawe na mchanga kutoka mtoni hawamo. Siku ile walikuwa nyuma ya nyumba wakipikia wageni. Fundi aliyelala kwenye kibanda cha saruji ili isiibiwe, naye hayumo.

Mkikuza picha ya utepe peke yake, mtakuwa mmekuza pia usahaulifu huo. Dawa yake ni rahisi. Wekeni kando ya picha hiyo fremu nyingine ya ukubwa uleule isiyo na picha. Ndani yake andikeni majina ya waliofanya kazi, au kila mmoja aliye hai achovye kiganja katika rangi na kukigonga hapo. Fremu ya viganja itatazamwa kuliko ile ya utepe, na waliosahaulika watajua kwamba kikundi kinawakumbuka.

Pia ombeni ruhusa. Picha ya marehemu ni ya jamaa yake kabla ya kuwa ya kikundi. Tena kuna mambo ambayo bado ni kidonda: nani alikuwa msituni na nani alikuwa askari wa serikali wakati wa hali ya hatari, au nani alifukuzwa katika vita vya kikabila vya mwaka 1992 au baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Hatusemi mambo hayo yafichwe. Tunasema yajadiliwe kwanza katika mkutano, wahusika wakiwapo, wala mtu asiyaone kwa ghafula juu ya lori akiwa amesimama na watoto wake.

KUPANGA UKURASA

Gari la maonyesho huenda kwa mwendo wa mtu atembeaye, karibu mita moja kila sekunde. Mtu aliye kando ya barabara ataona upande wa gari vizuri kwa sekunde 20 hivi. Kwa hiyo kila ukurasa uwe na mambo matatu tu: picha moja kubwa, kitu kimoja kikubwa, na maneno yasiyozidi saba. Kwa mfano: "1978: Tulichota maji kilomita tano." Hotuba iacheni kwa msemaji mwenye kipaza sauti.

Waandika mabango wana kipimo chao: kwa kila mita tatu kati ya herufi na msomaji, herufi iwe na urefu wa sentimita 2.5. Mtu akiwa mita 12, herufi ziwe sentimita 10. Akiwa mita 24, sentimita 20. Tumieni rangi nyeusi juu ya nyeupe au ya manjano. Nyekundu juu ya kijani husumbua macho.

Kinachofanya watu watambue kwamba hii ni albamu ni vile vitu vidogo vya albamu. Katika albamu za zamani picha zilishikwa na pembe nne za karatasi nyeusi. Kateni pembetatu za katoni za sentimita 30, zipakeni rangi nyeusi, mziweke kwenye pembe za kila picha. Pindo la ukurasa lishoneni kwa kamba ya mkonge, hatua ndefu za sindano zinazoonekana kutoka mbali.

KUKUZA PICHA KWA MIRABA

Studio za mjini zinaweza kuchapa picha kubwa, lakini bei yake si ya kila kikundi. Njia ya miraba haihitaji mashine.

1. Msichore juu ya picha yenyewe. Ifunikeni kwa nailoni inayopitisha mwanga, kisha mchore mistari juu ya nailoni kwa kalamu ya wino, kila mraba sentimita moja. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakuwa na miraba 150.

2. Tengenezeni ubao wa mita moja kwa mita moja na nusu. Uchoreni miraba ya sentimita 10. Nayo itakuwa 150.

3. Wekeni herufi juu na nambari pembeni, ili kila mraba mdogo ujue ndugu yake mkubwa.

4. Chukueni mraba mmoja mmoja. Mstari ukiingia katikati ya mraba mdogo, uingie katikati ya mkubwa. Msifikirie pua wala jicho. Fuateni mistari tu.

5. Mkimaliza, sogeeni nyuma hatua 20 mtazame. Kisha pakeni rangi tatu: nyeusi, nyeupe na kijivu, ili ifanane na picha ya zamani.

Uzuri wa njia hii ni kwamba miraba inagawanywa. Asiyejua kuchora anaweza kufanya miraba mitano, na kijana wa shule akafanya kumi. Picha inakuwa ya wote.

VITU VIKUBWA VINAVYOZUNGUMZA

Chagueni kitu kidogo ambacho wazee watakitambua mara moja, mkikuze. Sarafu za Afrika Mashariki za senti tano na kumi zilikuwa na tundu katikati, nazo zilitumika hapa kabla ya Kenya kuleta sarafu zake mwaka 1966. Pigeni msumari katikati ya katoni, fungeni uzi wa sentimita 50, mzunguke na penseli. Mmepata sarafu ya upana wa mita moja. Kateni tundu, pakeni rangi, na mzee yeyote ataanza kueleza senti tano ilinunua nini.

Mfano mwingine ni kipande. Katika miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba cheti hicho cha kazi, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Kijaluba cha urefu wa mita moja kilichotengenezwa kwa katoni, na mnyororo wake wa karatasi, kitafundisha watoto zaidi ya hotuba ndefu. Vilevile mnaweza kukuza kadi ya michango, kiondo, stempu au tikiti ya gari la moshi.

Wenzetu wa nchi nyingine wanatuonyesha kwamba vifaa vya bei ndogo si aibu. Mjini Viareggio nchini Italia, ambako magari ya maonyesho yalianza mwaka 1873, sanamu kubwa hutengenezwa kwa karatasi na gundi tangu mwaka 1925. Sababu ni kwamba karatasi ni nyepesi, kwa hiyo sanamu inaweza kuwa kubwa bila kulemea gari. Huko Pasadena, Marekani, maandamano yalianza tarehe 1 Januari 1890, na kanuni yao ni kwamba kila sehemu ya gari inayoonekana ifunikwe kwa maua, majani, mbegu au maganda ya miti. Sisi tuna maganda ya mahindi, majani makavu ya migomba na mkonge. Lakini msibandike chakula kizuri wakati majirani wana njaa. Tumieni mahindi yaliyotobolewa na wadudu, wala si mbegu zilizotiwa dawa, maana kuku na watoto watazidonoa.

VIFAA NA GUNDI

Ombeni katoni madukani. Bandikeni mbili pamoja, mistari ya ndani ya moja ikisimama na ya nyingine ikilala. Hapo ubao haukunjiki ovyo. Nyuma yake fungeni fremu ya fito au mianzi, na fito moja ya mshazari.

Gundi: changanyeni kikombe kimoja cha unga wa ngano na kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimineni ndani ya vikombe vinne vya maji yanayochemka, mkikoroga mpaka iwe nzito na kung'aa. Ipoe ndipo itumike. Pikeni ya siku hiyo tu, kwa sababu hulala ikanuka, na panya huipenda.

Adui mkubwa ni mvua. Oktoba ndio mwanzo wa mvua za vuli sehemu nyingi, na gundi ya unga huachia ikilowa. Pakeni rangi ya mafuta juu ya kazi iliyokauka, au beba nailoni za kufunika mpaka zamu yenu ifike.

USALAMA

Ubao mkubwa ni kama tanga la jahazi: upepo ukiupiga, unavuta. Fungeni kila ubao sehemu nne kwa waya au kamba, kisha endesheni gari siku moja kabla mtazame ni nini kinalegea. Pimeni urefu wote kutoka ardhini, na mtu mmoja apite njia yote akiangalia nyaya za umeme. Katoni na nailoni zikae mbali na eksozi. Watoto wasining'inie pembeni, na watu wazima wawili watembee kila upande wa magurudumu. Mkitumia mkokoteni wa punda, msiweke vitambaa vinavyopepea karibu na macho yake.

Ikiwa maandamano ni yenu wenyewe, wala si ya serikali, sheria inataka mpeleke taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe.

PESA, NA BAADA YA SHEREHE

Mkutano uamue kiwango cha pesa kabla ya kununua msumari wa kwanza, na mweka hazina asikipite. Pesa za mzunguko na za mikopo zisiguswe. Wanachama walizitoa kwa kazi nyingine, na hakuna pambo linalofidia uaminifu uliopotea.

Sherehe ikiisha, msizitupe kurasa. Zitundikeni katika shule ya chekechea, ghala au chumba cha mikutano, mahali pasipovuja. Picha za asili zirudi kwa wenyewe, kila moja ikitiwa sahihi katika daftari. Na yale majibu ya wazee mliyoyaandika mkutano wa kwanza, karani ayanakili vizuri. Lori litapita kwa dakika chache. Maandishi hayo ndiyo watakayoyasoma wajukuu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nani alianzisha kikundi chetu, na ni nani kati yao bado yuko hai?
2. Ni kazi ya nani ambayo haijawahi kutajwa mbele ya watu?
3. Kama tungekuwa na ukurasa mmoja tu, tungeweka picha gani, na kwa nini?
4. Ni nani atakayetunza picha na daftari letu kuanzia leo?