Gitaa Pweke na Usafishaji wa Sauti za Kale

Miongoni mwa kazi za muziki zinazotolewa upya baada ya sauti zake kusafishwa na kusawazishwa, hakuna imjaribuyo fundi kuliko ile ya mpigaji mmoja na gitaa lake kavu. Kwa maana katika bendi kosa la fundi huweza kujificha nyuma ya ngoma na tarumbeta, ilhali gitaa pweke halina pa kujisitiri. Steve Hackett, Mwingereza aliyepata sifa kwa gitaa la umeme katika kundi la Genesis, alitoa albamu za gitaa la nyuzi za nailoni, Bay of Kings mwaka 1983 na Momentum mwaka 1988, nazo baadaye zikarudishwa sokoni zimesafishwa na kuongezwa vipande. Hizo zilitoka studio. Mfano wetu sisi una mashaka zaidi, na kwa sababu hiyo una mafunzo zaidi.

Namtaja Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930, katika Wayeke, watu ambao asili yao ni wafanyabiashara waliomfuata mtawala Msiri kutoka pande za Unyamwezi, na aliyeimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili. Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, mwaka 1952, akarekodi nyimbo zake, Masanga ukiwa mmojawapo, na santuri zake zikaenea hata Nairobi. Mwenda alipiga kwa gumba na kidole cha shahada tu: gumba likishika sauti nzito, kidole kikisuka sauti nyembamba juu yake, hata msikilizaji asiye makini akadhani wapigaji ni wawili.

Sasa na tuitazame kazi ya fundi. Santuri za zama hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, zikabeba takriban dakika tatu kila upande. Mifuo yake ni mipana kuliko ya santuri za baadaye, hivyo sindano isiyo ya kadiri yake huyumba chini na kuokota uchafu. Mwendo wa mashine ukipungua mizunguko minne na nusu hivi, wimbo mzima hushuka nusu toni, na kijana anayejifunza kwa kuufuatiza atalilegeza gitaa lake pasipo sababu. Zaidi ya hayo, kabla ya mwaka 1954 kila kampuni ilikuwa na kanuni yake ya kupunguza sauti nzito na kukuza nyembamba wakati wa kuchonga santuri, na asiyeijua kanuni hiyo hawezi kuirudisha sauti katika asili yake.

Lakini mtihani mkubwa ni mikwaruzo. Programu za kompyuta huitambua kwa ufupi na ukali wake, na ukucha unapogusa uzi wa chuma mlio wake wa kwanza nao ni mfupi na mkali. Basi fundi mwenye pupa hufuta vyote viwili, akatuachia gitaa lililofungwa pamba. Hasara hiyo si ndogo, kwani katika mguso huo ndimo ilimo nafasi baina ya gumba na kidole, ambayo mtaalamu David Rycroft aliichunguza kwa nota miaka ya 1961 na 1962. Kwangu mimi, mvumo kidogo wa santuri ni aula kuliko ukimya uliopatikana kwa kumkata mpigaji kucha.

Ndiyo maana nawasifu wanaorejea kwenye asili, kama Michael Baird wa SWP Records, Uholanzi, aliyetumia hazina ya maktaba ya muziki ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954, akatoa Origins of Guitar Music, mkusanyiko wa magitaa ya kusini mwa Kongo na kaskazini mwa Zambia. Sisi wa Mshangano, hapa Songea, aghalabu hupata nyimbo za namna hii katika flashi, zimebanwa, hazina jina la aliyezisafisha wala la chanzo chake. Na nakala isiyotaja chanzo haistahili kuaminiwa, hata ikiwa na sauti kubwa.

Nawe msomaji, ukirithi santuri za mizunguko 78, zisimamishe wima mahali pasipo joto, wala usizifute kwa spiriti, maana nyingi zimetengenezwa kwa lakiri, nayo huyeyuka katika spiriti.