Kwapa la Mzazi Halikandwi

"Dokta, nikande kwa maji ya moto au nikamue?" Swali hili huulizwa na mama aliyejifungua siku tatu au nne zilizopita, mkono kaupanua kwa maumivu ya kwapa. Kando yake yupo bibi au shangazi aliyekwisha kutoa hukumu: huo ni mtoki, na mtoki hukandwa.

Si mtoki. Mtoki ni tezi la limfu lililovimba, aghalabu kwa sababu ya kidonda au maambukizi ya jirani. Kinachojaa kwapani siku zile zile maziwa yanapoingia, mara nyingi pande zote mbili, ni titi. Mtoto akiwa bado tumboni, matiti huanza kama mistari miwili inayotoka makwapani hadi kinenani, kisha sehemu kubwa hufifia, ikabaki ya kifuani. Kwa baadhi yetu kipande cha kwapani hubaki. Hudhaniwa ni mafuta, pengine huuma kabla ya hedhi, mpaka homoni za ujauzito na uzazi zinapokiamsha. Sabuni haihusiki. Wembe na manukato ya kwapa havihusiki pia.

Sasa hayo maji ya moto. Watu huamini maziwa ya kifuani yamepotea njia yakapanda kwapani, basi yakikandwa yatashuka. Yashuke kupitia wapi? Maziwa hayo yametengenezwa hapo hapo, na kwa kawaida mifereji ya kwapani haiungani na ile ya titi la kifuani. Mara nyingi hata chuchu hakuna. Unakamua mfuko usio na mdomo! Joto huongeza damu na uvimbe, na vidole vinavyofinya kwa nguvu huumiza nyama iliyokwisha kujaa. Mama anaondoka kitandani na kwapa kubwa kuliko la jana, ngozi imebabuka, na kesho yake anakandwa tena kwa kuwa "bado halijashuka". Nimechoka kuwaona akina mama hawa. Chale ni mbaya zaidi: zinafungulia vijidudu mlango, na ukiikata tishu inayotoa maziwa, kidonda chaweza kuvuja maziwa na kukawia kufunga.

Dawa ni kuliacha. Maziwa yasiyotolewa huiambia tishu iache kutengeneza mengine, na yaliyomo hufyonzwa na mwili. Weka kitambaa cha maji baridi, meza parasetamoli, vaa nguo isiyobana kwapa, mtoto aendelee kunyonya kama kawaida. Uvimbe hupungua ndani ya siku kadhaa, pengine wiki chache. Kukiwa na homa, wekundu au usaha, nenda kituoni siku hiyo hiyo. Mwenye shaka apigwe ultrasaundi, na ikibidi achukuliwe kinyama kidogo kwa sindano. Anayekerwa na maumivu au umbo hufanyiwa upasuaji, lakini baada ya kuachisha mtoto na titi kutulia. Ajue kutabaki kovu, na sehemu ya ndani ya mkono yaweza kufa ganzi. Kupunguza uzito huondoa mafuta tu, tezi hubaki.

Tishu hii hupata ugonjwa wowote unaolipata titi, saratani ikiwamo. Uvimbe mgumu, usiocheza chini ya vidole, unaokua bila kujali hedhi wala kunyonyesha, usikandwe hata mara moja. Uje hospitali wiki hii.