Nyumba ya Mnada Ikaguliwe Kuanzia Nje

Nyumba iliyowekwa rehani ikifika mnadani, huwa imepita notisi nyingi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 humpa mkopaji aliyeshindwa kulipa muda usiopungua miezi 3, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, na Kanuni za Madalali za 1997 huongeza siku 45 za kuikomboa mali. Kifungu cha 97 cha sheria hiyo huitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana na imtume mthamini kabla ya kuuza. Wanunuzi wengi huona hilo linatosha, ilhali mthamini huulizwa nyumba ingeuzwa kwa kiasi gani, na mkaguzi wa hali ya nyumba huulizwa imeharibika wapi na kwa sababu gani. Katika mji wa Mai Mahiu, swali hili la pili halijibiki kwa kutazama kuta peke yake. Ripoti inayofaa hapa huanzia kwenye ardhi na njia ya maji, ndipo iingie ndani.

Ushahidi uko wazi. Mji umekaa chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, katikati ya milima ya Longonot na Suswa, na sehemu kubwa ya udongo wake ni majivu ya volkano, mepesi kuchukuliwa na maji. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wanajiolojia walibishana: wengine walitaja mwendo wa bonde lenyewe, wengine maji yaliyokomba majivu chini kwa chini. Kwa mkaguzi, pande zote mbili zinaelekeza mahali pamoja: atafute mashimo madogo na mabonyeo uwanjani. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli, mtaro wa chini ukiwa umezibwa na takataka za mafuriko, yalilivunja na kushukia kijiji cha Kamuchiri, yakaua makumi ya watu. Aliyetazama msingi na paa tu asingeiona hatari ile, maana ilikuwa juu ya mteremko, nje kabisa ya ua.

Ndani, dalili ndogo husema mengi kwa anayejua kuzisoma. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta mara nyingi ni kukauka tu kwa saruji. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha ukateremka ngazi kwa ngazi katika maungio ya mawe huashiria kwamba upande mmoja wa msingi unazama. Mkaguzi hupima upana wake, huandika tarehe, kisha hutazama kingo: zikiwa zimejaa vumbi na rangi ya zamani, ufa huenda umetulia, zikiwa safi na kali, ni wa juzi. Rangi mpya iliyoishia kimo cha kiuno, au tope kavu ndani ya soketi ya umeme, huonyesha mafuriko yalifika wapi.

Wapo watakaopinga kwamba ripoti ya namna hii itashusha bei na kumwumiza mkopaji, ambaye deni lake litabaki. Hofu hiyo ina msingi, lakini mnunuzi asiyejua hali ya nyumba hujikinga kwa kutoa bei ya chini, na hapo nyumba nzima huadhibiwa sawa na mbovu. Kisha kuna kizingiti cha sheria: nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki hudhaniwa kuwa imekosa wajibu wake hadi ithibitishe vinginevyo. Kasoro zilizoandikwa mapema, na picha zake, husaidia kujua kama bei ilishushwa na ufa au na uzembe. Wengine watasema uthamini tayari upo. Kanuni za Madalali huruhusu uthamini wa hadi miezi 12, na masika moja yanaweza kupita humo. Hesabu ya Januari 2024 ingekuwa halali Juni, baada ya mafuriko.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye nyumba bado anaishi humo na huenda akafunga mlango. Mkaguzi hana haki ya kuuvunja wala ya kubuni yaliyo nyuma yake. Aandike vyumba ambavyo hakuingia, atenganishe aliyoyaona na anayoyakisia, na aeleze mteremko, makorongo na mitaro ambayo hakuna wa kumzuia asiitazame. Benki nazo zidai ripoti hiyo kila masika yanapopita kabla ya mnada. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kesi, na humlinda mkopaji, mnunuzi na benki kwa pamoja.