Chungu Kizito Kisicho na Nyama: Sayansi ya Maharage na Viazi

Katika nchi ya vilima ya Buha, kuanzia Kasulu kupitia Makere hadi Kibondo, chakula cha jioni cha familia nyingi hupikwa katika chungu kimoja. Maharage hutangulia, kisha hufuata viazi au ndizi, kitunguu, na mafuta kidogo yakipatikana. Nyama huingia chunguni humo siku za sherehe tu, kwa kuwa ng'ombe na mbuzi ni akiba ya mkulima, wala hawachinjwi kwa ajili ya mlo wa kila siku. Kwa hiyo swali la jinsi ya kupika mchuzi mzito na wenye kushibisha bila nyama ni jambo linalohusu afya ya watu wengi. Utafiti wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 3 katika kila 10 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, na mojawapo ya sababu za kudumaa ni mlo ujazao tumbo bila kuujenga mwili.

Jambo hili halihusu Afrika peke yake. Nchini Ireland, chakula mashuhuri cha wakulima tangu zamani ni mchuzi mzito wa nyama ya kondoo, viazi, vitunguu na maji. Siku hizi watu walioamua kutokula kitu chochote kitokanacho na mnyama huupika mchuzi huo bila kondoo. Wengi wao hugundua upesi kwamba kuiondoa nyama na kuyaacha maji na viazi hakuleti mchuzi, bali huleta viazi vya kuchemsha. Sababu yake ni kwamba nyama ilikuwa ikifanya kazi nne ndani ya chungu: kutoa protini, kutoa mafuta, kutia ladha, na kuufanya mchuzi uwe mzito. Mpishi aiondoaye nyama hana budi kutafuta mtumishi mwingine kwa kila kazi. Kwa bahati njema, watumishi wote wanne wanapatikana katika Mkoa wa Kigoma.

Protini: kazi ya maharage

Katika kila gramu 100 za maharage makavu mna gramu 20 hivi za protini au zaidi kidogo. Nusu kilo ya maharage ikipikwa kwa ajili ya watu sita, kila mmoja hupata gramu 17 au 18 za protini. Kiasi hicho hakipungui sana kile kilichomo katika gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe, ijapokuwa mwili hauwezi kuimeng'enya protini ya maharage kikamilifu kama ile ya nyama.

Protini hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino. Maharage yana wingi wa asidi ya amino iitwayo lisini, lakini yana upungufu wa methionini. Mahindi ni kinyume chake: yana upungufu wa lisini, bali methionini yake inatosha kuziba pengo la maharage. Ndiyo maana ugali wa mahindi na maharage, vikiliwa pamoja, huujenga mwili vizuri kuliko kila kimoja kikiliwa peke yake. Mazao yote mawili yalitoka bara la Amerika na kufika Afrika ya Mashariki baada ya Wareno kuanza safari zao katika Bahari ya Hindi, na yamekuwa yakikaa sahani moja tangu wakati huo.

Hata hivyo, maharage mabichi yana sumu iitwayo lektini, ambayo huwa nyingi zaidi katika maharage mekundu. Mtu akila maharage yasiyoiva vema, hata machache tu, huweza kutapika na kuendesha katika muda wa saa chache. Sumu hiyo huharibiwa kwa kuchemsha kwa nguvu. Katika maji yenye joto la nyuzi 100 za Sentigredi dakika 10 zaweza kutosha, lakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Maji huchemka katika joto pungufu kadiri mtu anavyopanda juu ya usawa wa bahari, na upungufu huo ni kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Sehemu kubwa ya nyanda za Kasulu na Kibondo iko mita 1,200 au zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji huchemka huko karibu na nyuzi 96 au chini kidogo. Mpishi wa huko afadhali achemshe maharage kwa nusu saa nzima, maji yakitokota wazi wazi, kabla ya kupunguza moto. Kuyapasha moto bila kuyachemsha hakuondoi hatari.

Kwa nini maharage hukawia kuiva

Seli za maharage zimeshikamanishwa na kitu mfano wa gundi kiitwacho pektini. Maharage huiva pale gundi hiyo inapoyeyuka na seli kuachana. Madini ya kalsiamu huikaza pektini, na uchachu huizuia isiyeyuke. Kutokana na hayo zinapatikana kanuni tatu zenye manufaa.

Kwanza, nyanya, ndimu na kitu kingine chochote kichachu visitiwe mpaka maharage yamekwisha lainika. Mpishi atiaye nyanya mapema huweza kuongeza kuni kwa saa nzima zaidi bila mafanikio.

Pili, maharage yaliyohifadhiwa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu, kwa sababu kalsiamu na magnesi zilizofungwa ndani ya mbegu hufunguliwa polepole na kwenda kuikaza gundi. Ghala kavu na lenye hewa ya baridi huokoa kuni za msimu ujao.

Tatu, magadi huyalainisha maharage upesi kwa kuwa huondoa uchachu na kuiondoa kalsiamu mahali pake. Lakini magadi mengi huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kidole kimoja cha magadi kwa chungu kizima chatosha, na maharage mapya hayahitaji hata hicho.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuloweka. Maharage yakilowekwa usiku kucha, maji huingia hadi katikati ya mbegu, na muda wa kupika hupungua sana. Maji ya kulowekea yamwagwe, kwa kuwa huchukua pamoja nayo sehemu ya sukari zile ambazo tumbo haliwezi kuzimeng'enya na ambazo huleta gesi.

Mafuta: kazi ya mawese

Kandokando ya Ziwa Tanganyika michikichi hustawi, na mafuta yake mekundu, yaani mawese, hupelekwa hadi masoko ya nyanda za juu. Wekundu huo ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho na kinga ya mwili. Vijiko vitatu vya mawese hukipa chungu unono uliopotea pamoja na nyama, na huusaidia mwili kuitumia karotini iliyomo pia katika karoti na mboga za majani. Baadhi ya wapishi huyachoma mawese mpaka yakawa meupe, kwa kupendelea ladha yake. Weupe huo ni dalili kwamba karotini imekwisha haribika. Mafuta yapashwe moto wa kadiri tu, na yaingie chunguni yakiwa bado mekundu.

Ladha: kazi ya kitunguu na uyoga

Mwaka 1908 mwanakemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, aligundua kuwa ladha ile nzito ya mchuzi mzuri, ambayo si tamu wala chungu, si ya chumvi wala chachu, hutokana na kitu kiitwacho glutamati. Nyama inayo, lakini nyanya zilizoiva na uyoga vinayo pia. Misitu ya miombo ya Kigoma hutoa uyoga mwingi majira ya mvua, na uyoga uliokaushwa huwa na ladha iliyokolea zaidi. Utumike ule tu unaojulikana vema na wenyeji, kwa kuwa upo ufananao nao ambao huua, na kuupika hakuondoi sumu yake.

Kitunguu nacho kisitupwe tu majini. Maji hayapiti joto la kuchemka, na katika joto hilo kitunguu hakibadiliki rangi. Ndani ya mafuta joto hupanda zaidi, sukari na asidi za amino huungana, na hapo hupatikana rangi ya kahawia na harufu ile ifananayo na ya nyama iliyokaangwa. Dakika 10 za kukaanga polepole hufanya kazi kubwa kuliko kiungo cha kununua.

Uzito: kazi ya viazi

Kiazi kimejaa chembe za wanga. Joto lifikapo kati ya nyuzi 60 na 70, chembe hizo hunywa maji, huvimba, na kuufanya mchuzi kuwa mzito. Viazi vya unga hupasuka na kuyeyuka. Viazi vigumu hubaki vipande. Wapishi wa Ireland walitumia vyote viwili kwa pamoja, na hekima hiyo yafaa kuigwa: sehemu moja ikatwe vipande vidogo itiwe mapema ili iyeyuke, na nyingine ikatwe vipande vikubwa itiwe baadaye.

Historia ya Ireland ina fundisho jingine. Wakulima wake maskini walikitegemea kiazi karibu peke yake. Ulipoingia ugonjwa wa ukungu wa viazi mwaka 1845, mavuno yaliangamia, na hadi kufikia 1852 watu milioni moja hivi walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi. Chungu kinachotegemea zao moja ni chungu chenye hatari. Katika Buha, ndizi mbichi, magimbi, viazi vitamu na muhogo vyaweza kushika nafasi ya kiazi mviringo bila kuharibu kanuni yoyote iliyotajwa hapa. Muhogo utumike ule mtamu, umenywe na kupikwa vema. Muhogo mchungu una sianidi, na haufai kutiwa mbichi katika mchuzi.

Namna ya kupika

Kwa watu sita huhitajiwa nusu kilo ya maharage, kilo moja ya viazi, vitunguu viwili, karoti tatu, nyanya nne, konzi moja ya uyoga mkavu, vijiko vitatu vya mawese, fungu moja la mchicha, na chumvi.

Maharage huchaguliwa, huoshwa, hulowekwa usiku kucha na kumwagwa maji. Hutiwa maji mapya na kuchemshwa kwa nguvu nusu saa, kisha moto hupunguzwa na chungu hufunikwa mpaka yalainike. Viazi vidogo, karoti na uyoga hutiwa. Baada ya robo saa hufuata viazi vikubwa. Pembeni, vitunguu hukaangwa katika mawese mpaka viwe vya kahawia, nyanya huongezwa mpaka zipondeke, kisha vyote humiminwa chunguni. Mchicha hutiwa dakika tano za mwisho. Chumvi huja mwisho kabisa, kwa sababu madini ya joto yaliyotiwa ndani yake, ambayo huzuia ugonjwa wa tezi, hupungua kwa kuchemshwa muda mrefu.

Mahali ambapo kuni ni adimu, pana njia nyingine. Maharage yaliyolowekwa yakisha kuchemshwa nusu saa kwa nguvu, chungu kilichofunikwa huwekwa ndani ya kapu lililojazwa majani makavu au matambara, na kufunikwa vizuri juu. Joto hushindwa kutoka, na maharage huendelea kuiva bila moto kwa saa kadhaa. Baadaye hurudishwa motoni yachemke tena kabla ya kutiwa vitu vingine. Karibu na Makere, ambako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, wanawake wa kambini na wa vijijini walilazimika kuifuata kuni mbali zaidi kila mwaka. Kwao saa moja ya moto iliyookolewa ilikuwa ni safari moja iliyopunguzwa.

Mambo mawili ya kukumbukwa

Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Vitamini C huyasaidia yaingie, chai huyazuia. Kwa hiyo chungwa, papai au embe lifuatane na mlo, na chai ingoje saa moja au mbili.

Jambo la pili ni vitamini B12, ambayo haimo katika maharage, wala viazi, wala mboga za kawaida. Upungufu wake huleta upungufu wa damu na kudhuru neva. Familia ipatayo dagaa, mayai au maziwa mara kwa mara haina sababu ya kuhofu. Lakini mtu aliyeamua kuacha kabisa vitu vyote vya wanyama hana budi kuitafuta vitamini hiyo katika vidonge au vyakula vilivyoongezewa, hasa mama mjamzito na anyonyeshaye.

Mtoto mdogo, ambaye tumbo lake ni dogo, apewe maharage yaliyopondwa na kuondolewa maganda, yakiongezwa kijiko cha mawese, ili kila tonge liwe na nguvu ya kutosha. Familia isiyo na nyama chunguni si lazima iwe na upungufu wa protini. Yanayohitajiwa yamo shambani, sokoni na msituni, mradi kila kimoja kitiwe kwa wakati wake.