Kapteni Grant na Kichaka cha Itigi

Msafiri atokaye Manyoni kwenda Singida hufika Mkiwa, mahali ambapo barabara ya Itigi, ile inayotoka mbali kusini kwa njia ya Chunya na Rungwa, inaungana na barabara kuu. Mtu wa pwani alisikiapo jina hilo hudhani anatajiwa mfiwa au mpweke asiye na ndugu, maana ndivyo neno lilivyo katika Kiswahili chake, walakini ayaonayo hapo ni magunia ya alizeti, malori na pilikapilika za watu. Upweke wenyewe uko kusini, katika kichaka cha Itigi, ambako miti haizidi sana kimo cha watu wawili, na kila shina limetoa vishina vingi vilivyosukana hata mtu akiiacha njia sharti atambae. Wakati wa kiangazi kichaka chote huwa cha kijivu mfano wa majivu, na mvua zikishuka, siku chache tu zatosha kukifanya kibichi.

Nchi hiyo baina ya Ugogo na Unyamwezi ndiyo waliyoiita wapagazi wa zamani Mgunda Mkali, na mgunda, katika lugha za bara, ni shamba. Wageni waliopita humo waliandika vitabu, na katika hivyo mimi hupendelea kile cha Mskoti James Augustus Grant, afisa wa jeshi la Uhindi, aliyeondoka pwani pamoja na John Hanning Speke mwaka 1860 kwenda kutafuta chimbuko la mto Nili. Kilipigwa chapa mwaka 1864, nacho kinaitwa A Walk Across Africa, yaani matembezi ya kuivuka Afrika, kwa sababu waziri mkuu wa Uingereza, Lord Palmerston, alimwambia kwamba amekwenda matembezi marefu. Jina hilo lina kejeli kidogo, kwani huko Karagwe mguu wa Grant ulishikwa na donda lililomlaza miezi mingi, na alipotoka kuelekea Buganda alichukuliwa kwa machela.

Mgunda Mkali ulisifika kwa kiu, lakini wao waliukuta majira ya masika, Desemba 1860, na taabu yao ikawa kinyume cha waliyoionywa: mafuriko, njaa, na wapagazi waliotoroka wengi wakaiacha mizigo. Katika hali hiyo Grant alikuwa akikusanya majani na maua. Asiyepata kuifanya kazi hiyo huiona kuwa mchezo. Kumbe mmea hulazwa baina ya karatasi na kukandamizwa, na karatasi zikipata unyevu sharti zibadilishwe, ama sivyo ua huota ukungu na kuoza, na wakati wa masika karatasi kavu ni mali kuliko shanga. Hata hivyo mimea yake ilifika salama katika bustani ya Kew, London, na katika miaka ya 1870 chama cha Linnean kikaichapisha habari yake, pamoja na maelezo ya Grant mwenyewe juu ya majina ya wenyeji na matumizi yao.

Hayo majina ndiyo yanayonishughulisha. Mkalimani wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa Uhindi, kisha akarejea Unguja akiwa huru. Naye alizungumza na Speke kwa Kihindustani, lugha ambayo wote wawili waliipatia ugenini. Basi habari yaweza kuwa ilitoka kinywani mwa mwenyeji kwa Kigogo au Kinyamwezi, ikamfikia Bombay kwa Kiswahili, ikamfikia Mzungu kwa Kihindustani, naye usiku, mbele ya taa, akaitia katika daftari kwa Kiingereza. Ajabu si kwamba vitabu hivi vina makosa. Ajabu ni kwamba makosa si mengi zaidi.

Mnyama naye alipata fungu lake. Swala mmoja mwenye pembe ndefu, aliyepigwa Ugogo katika safari hiyo, alipewa na wataalamu wa Uingereza jina la Grant mwaka 1872, na hata leo askari wa wanyamapori humwita swala granti.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, ikiwa imepita Itigi, njia ya wapagazi ikaanza kuota majani. Asomaye vitabu vya safari hiyo leo, cha Grant au kile cha Speke kilichotoka mwaka 1863, hana budi kuyasoma majina kwa sauti, wala asiyategemee macho peke yake. Speke, mathalani, ameandika Mkhali, kana kwamba ukali wa jua haukumtosha mpaka atie na ukali wa koo. Na palipo na jiwe la mviringo, ambapo misafara ilizoea kupumzika, ameandika Jiwa la Mkoa. Bombay, aliyelitamka, bila shaka alisema Jiwe.