Uvuvi wa burudani Usambara: Kwa nini samaki wa kigeni hapaswi kupandishwa Lushoto

LUSHOTO, TANGA: Kuvua kwa mshipi na ndoano, mvuvi akiwa peke yake au na mwenzake katika boti ndogo, ni burudani inayozidi kupata wapenzi nchini. Anayeipenda hujitambulisha kwa mambo machache: huamka kabla ya jogoo la kwanza, hubeba fimbo yake ya kuvulia na kisanduku cha chambo, na hurudi nyumbani akiwa na hadithi ndefu kuliko samaki aliyempata. Hata hivyo, kwa mkazi wa Lushoto mwenye mapenzi hayo, lipo swali ambalo wavuvi wa Mwanza au Kigoma hawalazimiki kujiuliza: samaki wa kuvua kwa boti yuko wapi?

Milima ya Usambara Magharibi haina ziwa kubwa la asili. Maji yake ni ya chemchemi na vijito vinavyotoka katika misitu ya Magamba, Shume na Shagayu, yakashuka kwa kasi kwenye mawe na maporomoko, kama yale ya Soni yanayoonekana kutoka barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Boti haielei katika maji ya namna hiyo. Kutokana na hali hiyo, wapo wanaopata wazo linaloonekana jepesi: kuchimba bwawa shambani, kumleta samaki mashuhuri wa michezo kutoka nje, kisha kumvua bila kutoka nyumbani.

Makala haya yanaeleza samaki huyo ni nani, amefanya nini alikopelekwa, sheria inasemaje, na mpenzi wa uvuvi anayeishi milimani ana njia gani halali na salama za kutimiza hamu yake.

Samaki anayetamaniwa

Samaki anayezungumzwa zaidi na wavuvi wa burudani duniani ni besi mdomo mpana, ambaye wataalamu humwita Micropterus salmoides. Asili yake ni mito na maziwa ya mashariki mwa Amerika ya Kaskazini. Hupenda maji yaliyotulia, yenye magugu na visiki, ambamo hujificha na kuvizia. Anaponasa ndoano huruka juu ya maji na kupigana kwa nguvu, na hiyo ndiyo sifa inayowavutia wanaomtafuta. Rekodi ya dunia ya samaki huyo, yenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo 10, iliwekwa mwaka 1932 katika Jimbo la Georgia nchini Marekani na mvuvi George Perry. Ilisubiri hadi mwaka 2009 kufikiwa na Manabu Kurita katika Ziwa Biwa nchini Japani.

Kwamba rekodi hiyo ilifikiwa Japani si jambo la bahati tu. Besi amesafirishwa na binadamu katika mabara mengi kwa ajili ya mchezo, na Afrika Mashariki haikuachwa nyuma. Katika miaka ya mwisho ya 1920 alipandikizwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako hadi leo huvuliwa na wapenzi wa mshipi wanaotumia boti ndogo.

Funzo la Naivasha

Naivasha ni mfano unaopaswa kutazamwa kwa makini na mkazi wa Lushoto. Ziwa hilo lipo katika mwinuko wa takribani mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Lushoto upo karibu mita 1,400. Kwa hiyo, dhana kwamba baridi ya milimani itamzuia besi kuzaliana haina msingi. Mahali pa juu zaidi kuliko Lushoto amezaliana na kudumu kwa takribani karne nzima.

Kabla ya wageni kuletwa, Naivasha ilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, kidagaa mdogo aliyekula wadudu na viluwiluwi wa mbu. Mara ya mwisho kuonekana katika ziwa hilo ilikuwa mwaka 1962. Baada ya besi walifuata perege wa aina mbalimbali, kamba wa maji baridi kutoka Louisiana katika miaka ya 1970, na baadaye samaki aina ya kapu. Uvuvi wa kibiashara wa Naivasha wa leo, unaolisha familia nyingi, unategemea viumbe waliotoka mahali pengine. Faida ipo na haiwezi kukanushwa. Hata hivyo, kiumbe aliyekuwapo awali hakuulizwa, na hakuna fedha inayoweza kumrudisha.

Watanzania wanalo pia funzo lao wenyewe. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliinua viwanda vya minofu na kuingiza fedha za kigeni, lakini pia alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, ambazo baadhi ya wataalamu wamezikadiria kufikia 200. Mafunzo haya mawili yanafanana katika jambo moja: uamuzi wa kumpandikiza samaki mgeni huchukua siku moja, na matokeo yake hudumu vizazi.

Maji ya Usambara yanakwenda wapi

Anayechimba bwawa shambani huamini kuwa samaki wake watabaki humo. Jiografia ya Usambara inasema vingine. Mabwawa ya milimani hujengwa kwenye mikondo ya vijito au kando yake. Masika yanapofika, bwawa hufurika, ukingo hukatika, na samaki hufuata maji.

Vijito vya upande wa Lushoto na Soni hushuka Mombo na kuingia Mto Mkomazi, ambao nao humwaga maji yake katika Mto Pangani. Mto Lwengera, unaopita kati ya Usambara Magharibi na Usambara Mashariki, huungana na Pangani karibu na Korogwe. Mto Umba huanzia upande wa kaskazini wa milima hiyo na kuelekea Bahari ya Hindi ukivuka mpaka wa Kenya. Samaki anayetoroka bwawa moja la Lushoto anaweza, kwa muda, kuwa tatizo la wilaya kadhaa, na hata la nchi jirani.

Katika bonde hilo wamo samaki wasiopatikana kwingi duniani. Mmoja ni perege aitwaye kitaalamu Oreochromis korogwe, aliyepewa jina la mji wa Korogwe na kuelezwa kisayansi mwaka 1955. Mwingine ni Oreochromis jipe, aliyepewa jina la Ziwa Jipe, ambaye yumo katika orodha ya samaki walio hatarini kutoweka. Perege hawa tayari wamebanwa na wageni wa ukoo wao, wakiwamo sato waliosambazwa kwa ufugaji, kwa kuwa aina hizo huweza kujamiiana na kuzaa machotara, na hivyo aina ya asili kufifia polepole. Akiongezwa besi anayekula vifaranga, mzigo unakuwa mara mbili.

Juu zaidi, katika vijito vya msituni ambamo samaki ni wachache, wapo vyura na kaa wa milima ya Tao la Mashariki, ambao baadhi yao hawaishi popote pengine. Besi hula chochote kinachoenea kinywani mwake: samaki wadogo, vyura, kaa na wadudu. Ingawa yeye hapendi maji yaendayo kasi, vidimbwi vilivyotulia chini ya maporomoko na mabwawa ya umwagiliaji vinatosha kumpa makazi.

Sheria inavyoelekeza

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, pamoja na Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 na marekebisho yake, ndizo zinazosimamia uvuvi wote wa Tanzania Bara, ukiwamo wa burudani. Kwa mpenzi wa uvuvi mwenye boti ndogo, mambo ya msingi ni haya:

Kwanza, kuvua kunahitaji leseni, hata kama samaki hawauzwi. Chombo kinachotumika kuvulia nacho husajiliwa na kupewa leseni. Pa kuanzia ni kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri husika.

Pili, kuingiza nchini samaki hai wa kigeni, au kuwapandikiza katika maji ambayo si yao ya asili, hakufanyiki bila kibali cha mamlaka ya uvuvi. Katazo hili halihusu besi peke yake. Ndoo ya vifaranga vya sato inayobebwa kutoka bonde moja kwenda jingine inaweza kuleta madhara yaleyale.

Tatu, sumu na baruti ni marufuku. Hapa ni vyema kukumbusha kuwa hata utupa, mmea uliotumiwa tangu zamani kulevya samaki katika vijito, ni sumu mbele ya sheria.

Nne, hifadhi za misitu ya mazingira asilia, kama Magamba, zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Anayetaka kuingia humo kwa shughuli yoyote hupaswa kufuata utaratibu wa Wakala huo.

Ikumbukwe pia kwamba Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Bayoanuai. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kupunguza kwa angalau asilimia 50, ifikapo mwaka 2030, kasi ya kuingia na kuenea kwa viumbe vamizi. Ahadi hiyo hutimizwa au kuvunjwa katika mabwawa madogo kama ya Lushoto, si katika kumbi za mikutano pekee.

Mahali pa kuvua bila kuharibu

Mpenzi wa uvuvi wa Lushoto hana sababu ya kukata tamaa. Akishuka Mombo na kufuata barabara kuu ya kuelekea Moshi, anaweza kufika Bwawa la Kalimawe wilayani Same, au kuendelea hadi Nyumba ya Mungu, bwawa lililokamilika katika miaka ya 1960 mahali inapokutana mito ya Kikuletwa na Ruvu. Humo wamo perege na kambale. Perege mkubwa kwenye mshipi mwembamba humpa mvuvi kazi ya kutosha, na kambale hahitaji kusifiwa kwa nguvu. Kabla ya kushusha boti, ni lazima kuuliza kama bwawa limefungwa, kwa kuwa mamlaka husitisha uvuvi kwa vipindi ili samaki wazaliane.

Perege wa jamii hii wana tabia inayofaa kujulikana na kila mvuvi: jike hubeba mayai na vifaranga kinywani. Anayevuliwa akiwa na mayai kinywani arudishwe majini mara moja. Mvuvi anayekusudia kumwachia samaki alowanishe mikono kabla ya kumshika, ili asiondoe ute unaolinda ngozi yake, na amtoe ndoano akiwa bado majini inapowezekana. Ndoano iliyobanwa kijino chake hutoka kwa urahisi na haichani.

Boti yenyewe nayo inaweza kuwa njia ya uharibifu. Gugumaji, lililoanza kulisumbua Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, husafiri kwa kipande kidogo tu kilichonasa kwenye kasia au chini ya boti. Kanuni ni nyepesi: baada ya kila safari, boti isuguliwe, maji yaliyobaki ndani yamwagwe palepale yalipochotwa, na chombo kianikwe juani hadi kikauke kabla ya kuingizwa katika maji mengine. Chambo hai kisihamishwe kutoka bwawa moja hadi jingine.

Usalama wa mvuvi

Boti ndogo haina msamaha. Kila aliyemo avae jaketi okozi, si kulikalia kama mto. Kwa mabwawa ya tambarare, upepo wa mchana huinua mawimbi ghafla, hivyo ni busara kuvua alfajiri na kurejea mapema. Mamba na viboko wamo katika Bonde la Pangani. Wenyeji wa mwalo ndio wanaojua mahali wanapopenda kukaa, na ushauri wao usipuuzwe. Aidha, mvuvi aache nyumbani taarifa ya mahali anapokwenda na saa anayotarajia kurudi.

Hitimisho

Wakazi wa Usambara wamezoea kulinda maji kwa sababu maisha yao yanayategemea: mboga na matunda ya mabonde ya Lushoto hunyweshwa na vijito hivyohivyo, na wakulima wa mpunga walio chini ya milima husubiri yashuke. Samaki, vyura na kaa waliomo ni sehemu ya urithi huo, ingawa si wengi wanaowaona.

Mwenye bwawa shambani anayetaka kufuga, na mwenye boti anayetaka kuvua, wote wanashauriwa kufika kwanza kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri yao ili wajue aina ya samaki inayoruhusiwa katika bonde lao. Ziara hiyo ya nusu saa inaweza kuepusha kosa ambalo wajukuu wao hawataweza kulirekebisha.